Rafuni ipo, mkononi haipo: kisa cha bia ya kiwanda kidogo katika supamaketi za Kenya

Kisa hiki nakiandika kwa ajili ya watengenezaji wadogo wa vinywaji wanaoitazama supamaketi kama mlango wa peponi. Nilikuwa mhasibu wa nje wa kiwanda husika, kwa hiyo mengi niliyaona kupitia ankara kabla ya kuyaona kwa macho. Jina la kiwanda, la mnyororo wa maduka na ya watu wote nimeyaondoa, na hesabu za ndani za biashara nimezibadili kidogo ili mwenyewe asitambulike. Tarehe za serikali na viwango vya kodi nimeviacha vilivyo.

Usuli

Kiwanda kilikuwa pembeni mwa Nairobi, na watu tisa kwa jumla, ukimhesabu mlinzi. Mwenyewe alikuwa mwanamke aliyeacha kazi ya benki. Wafanyakazi walimwita Madam, nami nitamwita hivyo hivyo. Mpishi wa bia nitamwita Fundi. Walitengeneza kile wateja wa mjini wanachokiita bia ya krafti: bia inayopikwa kidogo kidogo, yenye kimea kingi na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) zilizoagizwa kutoka nje, bila kuchemshwa mwishoni ili kuua hamira. Katika nchi ambayo kiwanda kikubwa kimekuwa kikipika bia tangu 1922, hilo ni soko la pembeni, lakini lipo.

Hadi mwanzoni mwa 2020 hawakuwa na chupa hata moja. Bia yote ilikwenda kwa kegi, yaani mapipa ya chuma, kwenye baa na mikahawa ishirini na kidogo. Mpangilio huo ulikuwa na uzuri ambao hakuna aliyeuona wakati ule. Kegi ilitoka baridi, ikakaa baridi kwenye baa, ikaisha ndani ya siku chache, kisha ikarudi tupu kuoshwa. Baa ililipa kwa wiki mbili, na isipolipa hakuna kegi nyingine. Mnywaji aliuliza, "Hii ni nini?" na mhudumu akamweleza, mara nyingine akimwonjesha. Bia ambayo haijulikani inahitaji mtu wa kuisemea.

Mlolongo wa matukio

Tarehe 22 Machi 2020 serikali ilitangaza kufungwa kwa baa kwa sababu ya korona. Siku chache baadaye ikaja kafyu. Matangi ya Fundi yalikuwa yamejaa.

Supamaketi ziliendelea kuuza pombe. Wiki zile ungewakuta watu wa Nairobi kwenye foleni ya kunawa mikono mlangoni, wakiingia kununua unga, sabuni na pakiti sita za bia. Kwa Madam jibu lilikuwa wazi: kama mnywaji yuko supamaketi, bia imfuate huko.

Kati ya Aprili na Juni wakafanya kazi ambayo kwa kawaida ingechukua mwaka. Walinunua mashine ndogo ya kujaza chupa nne kwa mkupuo. Wakachagua chupa za kahawia za mililita 330, na hapo Fundi alikuwa sahihi, kwa sababu mwanga huiharibu bia yenye hopsi na kioo cha kahawia huukinga vizuri kuliko cha kijani. Wakapata alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kwa bia mbili, moja nyepesi na nyingine chungu yenye hopsi nyingi. Wakasajili namba za msimbo wa mistari zinazoanza na 616, za Kenya. Wakaagiza stempu za ushuru za KRA, mamlaka ya mapato, moja kwa kila chupa, zinazolipiwa kabla bia haijauzwa. Stempu zilibandikwa kwa mkono. Binamu wawili wa Madam walikaa mezani wiki nzima wakibandika, na hadi leo mmoja wao akiiona stempu ya ushuru huondoka chumbani.

Juni walikutana na mnunuzi wa mnyororo wa maduka, mtu wa makao makuu anayeamua nini kiingie rafuni. Alikuwa mchangamfu. Alisema kitengo cha pombe ndicho kilichokuwa kikikua wakati ule na kwamba wateja wanataka "kitu cha nyumbani". Kisha akatoa masharti. Bia iingie matawi kumi na manne yote, mawili yakiwa Mombasa, au isiingie kabisa. Kreti ya kwanza kwa kila tawi iwe bure. Malipo baada ya siku sitini. Na mzigo uwe mali kauli: kisichouzwa kitarudishwa kwa gharama ya kiwanda.

Walisaini. Mzigo wa kwanza uliondoka Julai. Tarehe 27 mwezi huohuo Rais akapiga marufuku uuzaji wa pombe hata kwenye mikahawa, na kwa wiki tisa hivi hapakuwa na mahali halali pa kupata bia isipokuwa madukani. Agosti mnunuzi aliagiza tena bila kuombwa. Madam alinipigia simu usiku, akacheka tu, hakusema neno la maana.

Tarehe 28 Septemba baa ziliruhusiwa kufunguliwa. Kuanzia Oktoba oda za supamaketi zilikatika kana kwamba mtu amefunga bomba. Na baa, zenye njaa ya miezi sita, zikaanza kudai kegi, wakati sehemu kubwa ya bia ya Fundi ilikuwa imeshatiwa chupa na imelala kwenye rafu kumi na nne.

Novemba likaja lalamiko la kwanza: mteja wa Mombasa amefungua chupa na nusu yake ikaruka hadi darini. Desemba yakaja marejesho. Lori lilileta kreti 61, nyingi za bia chungu. Malipo ya oda ya Agosti yaliingia siku chache kabla ya Krismasi, yakiwa yamekatwa thamani ya marejesho, mchango wa "kampeni ya sikukuu" ambao hakuna aliyekumbuka kuukubali, na ada ya kuhifadhi mzigo uliorudi.

Maamuzi matatu, na kwa nini yalifanyika

La kwanza ni kukubali matawi yote. Kwa akili ya Juni 2020 halikuwa la kijinga. Kiwanda hakikuwa na mapato, na mishahara ilikuwa inakaribia. Mtu anayezama hachagui boti. Lakini hakuna aliyeuliza swali dogo: katika matawi hayo kumi na manne, ni mangapi yana friji ya bia ambayo si ya kampuni kubwa? Friji nyingi za vinywaji unazoziona madukani zimetolewa na kampuni kubwa, zina nembo yake mlangoni, na mkataba wake ni kwamba ndani hakiingii cha mwingine. Tulipokuja kuhesabu, yalikuwa matawi manne. Kumi yaliyobaki yaliiweka bia yetu kwenye rafu kavu.

La pili ni la Fundi: kutoichemsha bia. Hapa panahitaji maelezo, maana ndipo kisa chote kilipo.

Bia ya kampuni kubwa huchujwa na kupashwa moto ili hamira na vijidudu vife. Ndiyo maana inaweza kukaa miezi kwenye duka la Garissa ikabaki na ladha ileile. Bia hai haina ulinzi huo. Wapishi wa bia wana kanuni ya kidole inayosema kwamba madhara ya siku 300 kwenye nyuzi 3 yanalingana na ya siku 30 kwenye nyuzi 22 na ya siku 3 kwenye nyuzi 32. Si sheria ya maabara, lakini inatosha kupiga hesabu. Rafu kavu ya Nairobi, jiji lililo mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, inaipa bia chungu kama mwezi mmoja kabla harufu ya hopsi haijafifia na ladha ya kadibodi kuingia. Mombasa, kwenye bohari isiyo na kipoza hewa, unazungumzia siku. Na kama sukari kidogo imebaki chupani, hamira iliyo hai itaendelea kuila na kutoa gesi. Hilo ndilo lililoruka hadi darini.

Fundi aliyajua haya yote. Nilipomuuliza kwa nini hakuipasha moto, alinijibu, "Sasa nikiichemsha, tofauti yangu na wale wakubwa itakuwa nini?" Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alisifiwa akakataa kutia chochote, na kosa lake likawa la upande wa pili: alitengeneza bia ya baa akaipeleka dukani. Namheshimu kwa jibu lile. Lakini lebo aliyobandika iliandikwa tarehe ya mwisho ya miezi sita, kwa sababu mnunuzi alisema kwamba chini ya hapo hapokei. Kama chupa inaahidi miezi sita na yaliyomo yanajua wiki nne, mnunuzi wa chupa ndiye atakayegundua.

La tatu ni malipo. Siku sitini zilikuwa za karatasi; ankara za kwanza zililipwa baada ya siku mia na kitu. Madam, aliyefanya kazi benki, hakuliona kama hatari kwa sababu alilinganisha na mikopo ya biashara aliyokuwa akiiidhinisha zamani. Alisahau kodi. Ushuru wa bia Kenya unadaiwa bia inapotoka kiwandani, si inapouzwa. Wakati ule ulilipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata; sheria ya fedha ya 2023 ikaja kuubana hadi saa 24. Kwa hiyo kiwanda kilimlipa mtoza ushuru Septemba kwa bia ambayo duka lingeilipia Desemba, na kwa zile kreti 61 duka halikulipa kamwe, ilhali ushuru ulikuwa umeshakwenda. Kinadharia ushuru wa bidhaa iliyorudishwa na mnunuzi unaweza kudaiwa. Jaribu kuudai ukiwa na karatasi za marejesho zisizoonyesha namba za stempu.

Tawi la karibu na mikate

Niruhusu nikae kidogo kwenye tawi moja, kwa sababu hapo ndipo nilipoielewa kazi hii.

Januari 2021 Madam alinituma nikague matawi pamoja na mechandaiza tuliyemwajiri kwa muda, kijana aliyekuwa akizunguka madukani kupanga chupa. Tulifika tawi moja la Nairobi lenye mauzo mabaya kuliko yote. Kijana akanionyesha kwa kidole. "Angalia juu kule, mzee. Nyuma ya huo ukuta ndiyo joko la mikate. Bia yetu inaokwa kila asubuhi."

Nilipapasa ukuta. Ulikuwa wa moto. Rafu ilikuwa ya juu kabisa, kiasi kwamba mtu wa kimo cha kawaida angeomba msaada. Chini ya chupa zetu palikuwa na bei ya mvinyo fulani. Na chupa zenyewe zilikuwa tatu, zenye vumbi.

Tukaenda kwa meneja wa tawi, mtu mstaarabu sana aliyekuwa amechoka. Alifungua kompyuta akasema, "Lakini mnazo chupa kumi na saba hapa." Mfumo ulionyesha kumi na saba. Rafuni tatu, bohari hakuna. Nyingine zilivunjika, zikaibwa, au zilipitishwa kaunta kwa msimbo wa bia nyingine, na hakuna aliyeandika. Sasa mfumo wa mnyororo ule uliagiza wenyewe pale tu akiba iliposhuka chini ya kumi na mbili. Kwa kuwa kompyuta iliamini zipo kumi na saba, haikuagiza. Kwa miezi miwili tawi lile lilikuwa na bia yetu kwenye karatasi, kwenye ripoti ya makao makuu na kwenye ukurasa wetu wa "tunapatikana hapa", na mteja aliyekwenda kuitafuta alirudi mikono mitupu.

Ukaguzi ule ulituonyesha kwamba matawi matano kati ya kumi na manne yalikuwa na akiba hewa ya namna hiyo. Mauzo mabaya ambayo mnunuzi alitutupia usoni Desemba, kwa sehemu, yalikuwa mauzo ya rafu tupu.

Walichobadilisha

Tarehe 26 Machi 2021 kaunti tano, Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru, zilifungiwa tena baa. Safari hii Madam hakumkimbilia mnunuzi. Alimwendea na ripoti ya ukaguzi mkononi, akaomba vitu vitatu: wabaki kwenye matawi manne tu yenye friji huru, mechandaiza aruhusiwe kuhesabu na kusahihisha akiba pamoja na karani wa tawi kila wiki mbili, na makato yoyote yaandikwe kabla, si baada.

Mnunuzi alikubali mawili ya kwanza haraka kuliko tulivyotarajia. Baadaye nilielewa kwa nini: marejesho yalikuwa yakimsumbua hata yeye. La tatu alilikwepa. Tukamkumbusha kwa barua ya upole kwamba mwaka 2020 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ilikuwa imeamua kwa faida ya mtengenezaji mmoja mdogo wa mtindi aliyelalamikia makato ya lazima ya mnyororo mkubwa wa maduka. Alikubali kuandika punguzo la asilimia moja, hilo tu. Miaka miwili baadaye, mwaka 2023, mamlaka hiyohiyo ilitoza faini iliyozidi shilingi bilioni moja kwa makosa ya aina hiyo, na sasa barua za namna ile hupata majibu upesi zaidi.

Upande wa kiwandani palikuwa na ugomvi. Madam alitaka bia nyepesi ipashwe moto. Fundi alitishia kuondoka. Waliishia kwenye mapatano ambayo hakuna aliyeyapenda: bia nyepesi iliyo chupani iogeshwe kwenye maji ya moto kwa joto la kadiri na ipewe miezi minne; bia chungu ibaki hai, isikanyage supamaketi, iuzwe kwa kegi na kwa chupa kiwandani na kwa maduka matatu ya mvinyo yenye friji, ikiwa na tarehe ya kutengenezwa iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Mombasa waliiacha kabisa. Lori la kilomita karibu 480 kwa kreti ishirini halikuwahi kuleta faida, na Pwani maduka kadhaa makubwa hayauzi pombe kwa imani ya wenyewe, kwa hiyo hata nafasi ya kukua haikuwa kubwa.

Matokeo

Mauzo ya supamaketi kwa mwaka 2021 yalikuwa chini ya nusu ya yale ya 2020 kwa idadi ya chupa. Fedha zilizoingia baada ya makato na marejesho zilikuwa nyingi zaidi. Marejesho ya mwaka mzima yalikuwa kreti tatu. Ankara ziliendelea kuchelewa, ila sasa zilikuwa ndogo kiasi cha kuvumilika; baada ya wadai wa Nakumatt, mnyororo mkubwa wa supamaketi uliofilisika, kupiga kura ya kuufunga Januari 2020, hakuna msambazaji mwenye akili aliyeweka zaidi ya robo ya mauzo yake kwenye mnyororo mmoja, na Madam alijiwekea kikomo hicho.

Mechandaiza wa muda aliajiriwa rasmi. Mshahara wake ulikuwa gharama kubwa kuliko punguzo tulilolipa duka, na bado ulijilipa.

Uchambuzi

Uamuzi wa kuingia supamaketi ulikuwa sahihi na uliokoa kiwanda. Bila Julai hadi Septemba 2020 nisingekuwa na kisa cha kuandika. Kilichokosewa ni kudhani kwamba kuingia ndiyo kupatikana. Mnunuzi wa makao makuu huuza ruhusa tu. Friji, urefu wa rafu, bei iliyobandikwa na hesabu ya akiba ni mambo ya tawi, na huko hakuna anayekujua. Kampuni kubwa ina watu wa kuzunguka kila siku. Mdogo ambaye hawezi kuzunguka matawi kumi na manne asiingie matawi kumi na manne, hata akiambiwa ni yote au hakuna. Na kama tulivyoona, "yote au hakuna" ya Juni ililegea Machi, mwombaji alipokuja na hesabu.

Kuhusu kuichemsha bia, wasomaji wengine watanipinga. Nadhani Fundi alikuwa na haki juu ya ladha na makosa juu ya lebo. Angeandika wiki sita na kukubali kukataliwa na duka, heshima yake ingebaki kamili.

Hesabu ya kodi ndiyo niliyoikosea mimi. Nilijua tarehe ya kulipa ushuru na nilijua tarehe ya kulipwa na duka. Sikuziweka kwenye ukurasa mmoja. Kwa kiwango kilichofikiwa mwishoni mwa 2022, shilingi 142.44 kwa lita, chupa moja ya mililita 330 hubeba shilingi 47 za ushuru kabla hujalipia kimea wala kizibo, na ushuru huo ulikuwa uleule kwa mkubwa na mdogo. Desemba 2024 sheria ilibadilika: bia sasa hutozwa kwa kipimo cha kileo halisi, shilingi 22.50 kwa sentilita, na 10 kwa watengenezaji wadogo huru waliosajiliwa. Chupa ileile yenye asilimia 5 ikashuka hadi shilingi 16.50 kwa mdogo. Madam alinitumia hesabu hiyo kwa simu siku sheria ilipoanza, bila salamu.

Nilipita tawi moja kati ya yale manne hivi karibuni. Bia nyepesi ilikuwa kwenye friji, usawa wa macho, kati ya maziwa lala na soda. Zilikuwa chupa mbili. Nilimwuliza karani kompyuta inasemaje, akaangalia.

"Kumi na moja, mzee."

Nikampigia mechandaiza.